Mvua Nayo Yataka Mashahidi

Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani mzee wa watu amerukwa na akili. Ilikuwa saa moja asubuhi na jua halijachomoza, maana huko majira ya baridi jua hulala mno. Nilikuwa nimekwisha kusali, nikafunua pazia la sebuleni kwa binti yangu, na nje kila kitu kilikuwa cheupe. Katikati ya weupe ule alichutama jirani yetu, mzee wa miaka sabini na ushei, amejitanda skafu hadi puani, mkononi ameshika rula kama ya mtoto wa shule. Aliichomeka katika theluji, akainama akasoma, akaandika kitu kijitabuni, kisha akaupangusa ubao mdogo uliokuwa chini na kurudi ndani. Nilicheka peke yangu. Nikasema, kwetu mtu wa umri huu angekuwa kibarazani na kikombe cha kahawa, si kuitafuta baridi kwa rula.

Hayo yalikuwa Desemba 1922? La, msomaji, usinizeeshe zaidi ya nilivyozeeka. Yalikuwa Desemba 2022, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, alikoolewa binti yangu. Leo naandika kumwomba radhi mzee yule kwa kicheko changu, na kuwaletea ndugu zangu wa Pwani jambo moja nililolibeba kutoka huko, nalo ni hili: mvua nayo, kama mwezi unaoandama, yataka mashahidi.

Mzee yule hakuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa fundi wa mabomba aliyestaafu. Binti yangu alinieleza kuwa huko kuna maelfu ya watu kama yeye, wakulima, walimu, mama wa nyumbani, watazamaji wa ridhaa wasiolipwa hata senti moja, ambao kazi yao ni kupima mvua na theluji uani kwao na kupeleka habari kila asubuhi. Mpango mmoja wa wajitolea uliwekwa na sheria ya mwaka 1890, na mpaka leo una watu zaidi ya 8,000. Mwingine, uitwao CoCoRaHS, ulianzishwa mwaka 1998 huko Colorado, na umeenea majimbo yote ya Marekani ukavuka hadi Kanada na visiwa vya Bahamas, una watu zaidi ya 20,000. Na desturi yenyewe ni kongwe kuliko mipango hiyo. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa nchi ile, aliandika habari za joto na baridi kwa miaka mingi tangu 1776. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont asiyekuwa na cheo chochote, alianza mwaka 1885 kupiga picha chembe za theluji kwa kamera iliyoungwa na hadubini, akapiga zaidi ya picha 5,000 kabla ya kufa mwaka 1931.

Siku chache baadaye mzee alinikaribisha nikaone kazi yake, binti yangu akitufasiria. Ubao wake ni mweupe ili usishike joto la jua. Theluji mpya huangukia juu yake, hupimwa, kisha ubao hufutwa ili ya jana isichanganyike na ya leo. Halafu huichota theluji, huiyeyusha, na kupima maji yake. Nilimwuliza, ya nini kuiyeyusha na kina chake umekwisha kukijua? Akasema watu hudhani inchi kumi za theluji ni inchi moja ya maji, lakini kuna theluji nyepesi kama sufi na kuna nzito kama ugali. Paa haliangushwi na kina, huangushwa na uzito, na mito haifuriki kwa weupe, hufurika kwa maji.

Kisha akanionyesha kijitabu chake. Kurasa nyingi zilijaa sifuri. Siku isiyonyesha wala kuanguka theluji, mzee huandika sifuri na kuipeleka. Nikamwuliza, sifuri ina faida gani? Akajibu kuwa asipoandika kitu, mwenye kusoma hajui kama hapakunyesha au kama mzee alilala.

Hapo ndipo kicheko kiliponitoka. Kwani si sisi hasa, watu wa Pwani, tunaoijua thamani ya sifuri? Jioni ya mwezi ishirini na tisa twajipanga ufukweni, wazee kwa vijana, macho magharibi. Hakuna anayetulipa. Aliyeuona husema nimeuona, na ushahidi wake hupimwa. Na wasiouona nao wana habari ya kutoa, kwani kwa "hatukuuona" mwezi hutimizwa thelathini na watu wakajua siku ya kufunga na siku ya kufungua. Ushahidi tunao katika damu. Tumeuweka kwa mwezi peke yake.

Sasa huenda msomaji akauliza, kwa nini nchi tajiri kama ile, yenye setilaiti na kompyuta kubwa, imhitaji mzee mwenye rula? Jibu liko katika hali ya Buffalo yenyewe. Mji huo uko ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mwanzo wa majira ya baridi maji ya ziwa huwa yangali na joto la kiangazi. Upepo mkali wa baridi ukipita juu yake kwa urefu wake wote, huzoa unyevu, unyevu ukapanda ukawa mawingu, na mawingu yakaumwaga mzigo wake pale nchi kavu inapoanzia. Lakini mawingu hayo huja kwa mkanda mwembamba. Mwezi Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki ya mji vilifukiwa na theluji ya zaidi ya futi tano, na huku kaskazini, mwendo wa chini ya maili kumi, watu walipata inchi chache tu. Kipimo kimoja cha uwanja wa ndege kitawezaje kuwasemea wote? Nani kati yetu hajapata kupanda feri ya Likoni kwa mvua ya kumiminika, akashuka ng'ambo akakuta vumbi?

Hata huo mpango wa CoCoRaHS ulizaliwa na msiba wa namna hiyo. Tarehe 28 Julai 1997, katika mji wa Fort Collins, upande mmoja wa mji ulimwagiwa mvua ya zaidi ya inchi kumi na upande mwingine haukupata hata inchi mbili. Mafuriko yaliua watu watano. Wataalamu walitambua kuwa vyombo vyao vilikuwa vichache mno kuiona mvua ile, wakaamua kuwaomba wananchi wawe macho yao.

Nirejee Buffalo, kwani kisa changu hakijafika. Alhamisi ya tarehe 22 Desemba, alasiri, mzee alibisha hodi. Nje hapakuwa na cha kutisha. Mkwe wangu alikuwa amepanga kesho yake aende kusali Ijumaa na kutoka hapo aingie kazini, zamu ya mchana, na kazini kwake hakuna aliyemwambia asije. Mzee akamwambia maneno machache. Idara ya hali ya hewa imekwisha kusema tangu siku kadhaa kuwa hii si theluji ya kila mwaka. Yeye ameutazama upepo wa ziwa lile kwa miaka mingi, na ukija kwa kasi inayotajwa mtu hataona mkono wake mwenyewe. Basi asitoke. Mkwe wangu alisitasita, maana kazi ni kazi na kodi ya nyumba haijui tufani. Binti yangu ndiye aliyekata shauri. Alizichukua funguo za gari akazitia mfukoni mwake.

Ijumaa asubuhi mvua iligeuka theluji kana kwamba mtu amefunga mlango na kufungua mwingine. Amri ya kuzuia magari ilitoka asubuhi ile ile, na wengi walikuwa wamekwisha kwenda makazini. Upepo ulivuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Uwanja wa ndege ulihesabu saa 37 za tufani bila kupumua, na theluji ya zaidi ya inchi 50 katika siku nne. Sisi tulikaa jikoni sote, tumejifunika mablanketi, watoto katikati, tukisali adhuhuri mahali pa Ijumaa. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama njiani. Ilipotulia, watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa katika eneo lile: wengine ndani ya magari yao, wengine nje njiani, wengine ndani ya nyumba zao wakingoja msaada usioweza kufika. Sisemi kuwa mkwe wangu angekuwa mmoja wao, kwani ajali iko kwa Mola. Nasema tu kwamba njia aliyotaka kupita ndiyo njia waliyokwama wengi.

Baada ya tufani nilimwona mzee yule tena na rula yake. Ubao ulikuwa haujulikani uliko. Upande mmoja wa nyumba yake ardhi ilikuwa tupu imefagiliwa na upepo, na upande wa pili theluji ilikuwa imeupita mlango. Alipima mahali kumi, akajumlisha, akagawanya. Kisha akaandika hesabu yake, na kando yake akaandika kuwa upepo umemharibia, kipimo hiki kisitegemewe sana. Wallahi, mstari ule mdogo ulinigusa kuliko tufani yenyewe. Mtu ametoka katika baridi ile, peke yake, hakuna wa kumsahihisha, na angeweza kuandika namba yoyote ya kujifaharisha. Akaandika alichokiona, na akaandika mpaka wa alichokijua. Huo ndio uaminifu wa wapokezi wa hadithi tuliosomeshwa madrasani: fulani kapokea kwa fulani, huyu ni madhubuti, huyu hifadhi yake ina udhaifu.

Lakini si kila mtazamaji wa mbingu ni kama yeye, nami nisije nikawapaka watu wa huko sukari. Nyumbani mle mle mlikuwa na mtazamaji wa aina nyingine, naye ni mjukuu wangu wa miaka kumi na sita. Huyo hatoki nje. Hukesha mbele ya kompyuta akingoja ramani mpya za utabiri, za Wamarekani zitokazo mara nne kwa siku na za kituo cha nchi za Ulaya, ambacho kiliundwa mwaka 1975. Ana wenziwe wengi kama yeye, nao huzungumza usiku kucha. Nilikaa naye nikagundua siri yake: katika ramani zote, aliyoipenda ni ile yenye theluji nyingi. Ikisema inchi mbili, husema kompyuta hiyo haifai. Ikisema inchi ishirini, huwaamsha nduguze. Anataka shule zifungwe! Hayo si kutabiri, hayo ni kutamani kulikovikwa kilemba cha elimu.

Na hawaa hiyo huwakuta watoto kwa wakubwa. Januari 2015 mji wa New York ulitangaziwa theluji ya futi mbili au zaidi. Magari yalipigwa marufuku, na treni za chini ya ardhi zilisimamishwa kwa ajili ya theluji, jambo lisilopata kutokea. Kulipokucha, bustani kubwa ya katikati ya mji ilikuwa na inchi 9.8. Tufani ilikuwa imesogea mashariki kidogo tu, na mji wa Worcester, Massachusetts, ukapata zaidi ya inchi 34. Wataalamu hawakuota tufani isiyokuwapo. Ilikuwapo, ila ilianguka kwa jirani. Mmoja wao alisimama akaomba radhi hadharani. Watu wakamcheka. Mimi naona alistahili heshima, kwani mwenye kukiri kosa lake leo ndiye wa kusikilizwa kesho.

Na sisi je? Mwezi Mei 2024 tulitahadharishwa kuwa tufani iliyopewa jina la Hidaya inakuja. Ilileta upepo mkali na mawimbi makubwa katika pwani yetu, lakini kishindo chake kiliangukia upande wa Tanzania, karibu na kisiwa cha Mafia. Niliwasikia watu barazani wakisema, "Wametudanganya hao wa hali ya hewa." Hakuna aliyedanganya. Ilikuwa ni Worcester na New York ya kwetu. Hatari ya maneno hayo si kwa idara, ni kwa mvuvi ambaye safari ijayo atasema wale ni waongo, akasukuma ngalawa yake.

Wako pia wanaosema kwa nia njema kuwa kutabiri mvua ni kuingilia ilimu ya ghaibu, na hunitajia Suratu Luqman. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, hilo halina mjadala. Lakini anayesema "dalili zaonyesha mvua, sabini kwa mia" hakudai ghaibu. Amesoma alama zilizowekwa wazi, na kwa kusema sabini amekiri thelathini asizozijua. Mganga husema mia kwa mia, na ndipo unapomjua kuwa ni mwongo. Wazee wetu walihesabu siku tangu Nairuzi kwa miongo, kumi kumi, wakajua lini kusi litakaza na lini kaskazi litawafikisha nyumbani, nao walikuwa watu wa msikitini.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa nahodha. Alikuwa akisimama ufukweni alfajiri, akaupokea upepo shavuni, akautazama mkia wa wingu, akasema leo haendi mtu. Nami nilikuwa kijana niliyesoma, mwenye kalamu mfukoni, na sikumwandikia hata mstari mmoja. Alipokufa, miaka hamsini ya kuitazama bahari ilizikwa siku moja. Ibn Majid, nahodha wa Kiarabu, aliandika misimu ya safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 15, na wataalamu wangali wakimsoma. Mjomba wangu nani atamsoma? Leo watu wakiniambia mvua za siku hizi si kama za zamani, nami naamini hivyo, siwezi kuwaonyesha ni kiasi gani katika mtaa wetu, kwani hatukupima. Tunabaki kusema "zamani, zamani," na zamani haina inchi.

Badala ya daftari tumebaki na simu. Ikianza kutanda, simu hulia: tufani yaja saa nane usiku, mwambie na mwenzio! Nani kasema? Kaambiwa. Na aliyemwambia? Naye kaambiwa. Umma uliotunza sanadi ya kila hadithi leo unapokea habari za bahari kutoka kwa mtu asiye na jina.

Basi rai yangu ni ndogo. Kila madrasa ya Pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, iwe na kipimamvua kimoja na daftari moja. Chombo hicho si cha gharama kubwa. Kiwekwe uwanjani, mbali na miti na mapaa, na kila asubuhi, saa ile ile, mwanafunzi mmoja wa zamu asome na kuandika, na siku ya kiangazi aandike sifuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, hesabu ambayo mtoto yeyote ataielewa. Wavuvi nao waandikiwe habari za upepo na mawimbi kila warudipo, na wazee wa bahari waliobaki waketi na vijana wenye kalamu kabla hatujawabeba. Daftari zikijaa, idara ya hali ya hewa ipelekewe, na nakala ibaki msikitini.

Tena na ile tahadhari ya idara, ikitoka, isomwe kwa kipaza sauti cha msikiti baada ya Isha, kabla wavuvi hawajashuka pwani. Asiseme mtu kuwa hayo si mambo ya msikiti. Imepokewa kwa Ibn Umar kuwa usiku wa baridi na upepo aliadhini kisha akawatangazia watu wasali majumbani mwao, na akasema Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiamrisha hivyo. Basi tahadhari ya hali ya hewa ilipita katika adhana kabla haijapita katika redio.

Mjukuu wangu ameniandikia hivi karibuni. Mzee jirani magoti yamemshinda, na ubao amemwachia yeye. Kijana sasa hulala mapema, kwani saa moja asubuhi hana budi kuwa nje na rula. Nilimwuliza juzi, theluji imekuwa kiasi gani? Nilingoja ajigambe. Akanijibu, "Sifuri, Babu. Nimeandika."